Makofi ya Mapema

Jumamosi ile nilifunga karakana saa sita,
rejeta ya Bwana Ogutu bado inavuja juu ya meza,
nikanawa kwa sabuni ya unga hadi viwiko,
na grisi, kama kawaida yake, ikakataa kutoka kwenye kucha.

Ukumbi wa Kaloleni walikuwa wameufumba macho:
mablanketi ya bweni madirishani, gunia mlangoni,
shuka mbili zimeshonwa kuwa moja, mshono ukipita katikati
hivyo kila uso uliotokea pale ulikuwa na kovu.
Nikakaa safu ya kati. Mkono wa kushoto mfukoni.
Huko ndiko unakoishi.

Wakaanza wa Vihiga. Mbuzi kaingia chumba cha mtihani,
anatafuna karatasi ya hesabu,
msimamizi anampa namba ya mtahiniwa.
Tulicheka mpaka mabenchi yakacheka.
Halafu Wandera wa Busia, sauti yake bado haijaamua
kama ni ya mtoto au ya babake, akatuonyesha
dakika tatu za mvua juu ya bati. Hakuna mtu. Hakuna neno.
Mama wa pembeni yangu akauliza: imeharibika?

Kisha jina lako, Awino, kwa herufi nyeupe,
na chini yake: VITATU.

Mimi nilidhani simu yangu umeichukulia mambo ya wasichana.
Wiki mbili nimepokea wateja kwa simu ya mama yako,
nikinung'unika: ukimpa mtoto shubiri atachukua pima.
Kumbe ulikuwa umejibanza nyuma ya mapipa.
Au ulisimama wazi mbele yangu
na ni mimi nisiyeinua kichwa.

Uso wangu haumo. Ni mkono tu,
mkubwa kama mlango,
gumba na majirani zake wawili, kisha uwanja mtupu
pale feni ya lori ilipokula bila kushiba
mwaka ule ulipokuwa unaota meno.
Vitatu vinashika waya wa lehemu.
Vitatu vinahesabu noti.
Vitatu vinafunga kifungo cha sare yako, kile cha juu, kigumu.
Sikujua kwamba unakikumbuka.
Muziki hakuna, ni nyundo za Kibuye tu, ko, ko,
na mtu anauza maji kwa mbali.

Watu mia na zaidi wakiutazama
mkono niliouficha harusini, kanisani,
hata kwenye maziko ya mama yangu.
Hakuna aliyekunja uso.
Yule mama alikuwa ameacha kutafuna njugu.

Shuka ikawa nyeusi. Nikasimama.
Makofi ni kazi ya mikono miwili;
wa kulia ukamwita mwenziwe, na mwenziwe akatoka.
Mlio wetu una pengo,
kama ndala iliyolowa ikipigwa sakafuni.
Pa. Pa. Pa.
Peke yangu.

Haikuwa imeisha.
Giza lile lilikuwa lako, sekunde kumi ulizozipanga,
na ndani yake ikaja sauti yako, ndogo:
"Baba huutoa mfukoni akiwa kazini, na akilala."
Picha ikarudi: mkono umelala godoroni, kiganja juu,
nami nimesimama katikati ya mwangaza wa projekta,
vidole vitatu vya kivuli
juu ya vitatu vyangu.
"Keti, mzee!" wakapiga kelele wa nyuma.

Zawadi ilichukuliwa na mbuzi.
Tukatembea bila neno hadi karibu na nyumbani,
ndipo ukasema: umeniharibia mwisho.
Nikakubali. Nikakuomba simu.

Tangu siku ile inaniambia nafasi imejaa, futa kitu.
Ogutu kanitumia picha ya rejeta mpya mara nne;
haifunguki.
Mwambie aje nayo mwenyewe.