Chapa

Tusekile alilileta ndani ya kiroba cha mbolea,
mwezi wa sita, Loleza haionekani kwa ukungu,
akalilaza kwenye benchi langu pale Soweto
kati ya kitanda cha futi tano
na jeneza lililolipiwa nusu.
"Fundi Chaula, niambie hili ni gitaa gani.
Kuna mtu Dar, likiwa la kizungu
anatoa laki nane."

Kichwani hapana jina.
Hapana hata tundu la msumari palipong'oka kibati.
Shingo imepinda kama mtu anayesikiliza mlangoni.
Nyuzi mbili, zote waya wa breki.
Tumbo limepasuka toka darajani hadi kiunoni,
na panya, naona ukoo mzima wa panya,
wamezalia humo, wakafia humo.

"Babu alilinunua Johanesbagi.
Alipanda ndege ya wale waajiri wa migodi,
akakaa chini ya ardhi miaka sita.
Aliporudi Kandete alikuwa na hili mgongoni
na kikohozi."
Walimzika nacho, akasema.
Kikohozi, si gitaa.

Mimi huanza na pua.
Msindano hunukia hata uzeekeje,
mkongo una uchungu wake ukiulamba.
Nikakwangua ukingoni, nikanusa, nikalamba:
plaiwudi. Matabaka matatu, jepesi, la kufungia vitu.
Vile vyuma vya shingoni ni spoki,
kila kimoja kimekatwa kwa patasi, si kwa msumeno.
Mfupa wa juu ni wa ng'ombe,
umesuguliwa kwa jiwe mpaka ukakubali.

Nikateremsha kioo cha kunyolea ndevu tunduni,
tochi ya simu ikakifuata.
Mgongoni, kwa ndani, herufi nyeusi
zimegeuka kwenye kioo, nikazisoma kutoka mkia:
FINDI. Mbele yake msumeno umekula.
Chini yake, CHAI.
Chini kabisa, kilo hamsini.

Mufindi.
Lori la siku moja, au mbili mvua ikiwa kali.
Mtu mwenye miguu mizuri angekuja kumwona mama yake kila Krismasi.
Na kikohozi cha vumbi la chai
kinatofautianaje na cha vumbi la dhahabu?
Sijui. Mimi navuta la mbao.

Penye miti hapana wajenzi, wanasema.
Huyu aliishi kwenye miti hadi puani
na hakuruhusiwa kukata hata fito,
akaokota sanduku.
Ukingo wa ndani kauchonga meno, nimehesabu mia na kumi,
kwa kisu, usiku bila shaka,
ili ubao ukubali kuzunguka nyonga bila kuvunjika.
Mimi nina mashine na sijawahi kuzungusha ubao hivyo.
Upande wenye maandishi akaugeuzia ndani.
Angeweza kuyakwangua.
Hakuyakwangua.

"Umeona nini?" Tusekile ananiuliza,
na laki nane zimekaa wima usoni mwake.
Nimeshawahi kudanganya wateja. Mninga, nimesema,
na ulikuwa mkaratusi uliopakwa rangi.
Ulimi ukajiandaa.
Kisha nikampa kioo.

Akainama. Akasoma kwa midomo,
kama wanavyosoma watoto.
Mvua ya manyunyu ikapita juu ya bati na kurudi.
Alipoinuka hakulia, nami nilishatafuta kitambaa.

"Babu hakunywa chai," akasema.
"Maisha yake yote, maji moto tu.
Bibi alidhani anabana sukari,
wamegombana juu ya hilo miaka arobaini."

Simu yake ikaita. Dar.
Akaiangalia ikiita juu ya maranda mpaka ikachoka.
"Nyuzi sita ni shilingi ngapi?"
Nikamtajia.
Akatoa nusu.

Kwa hiyo sasa nadai wawili,
jeneza na gitaa,
na gundi ya gitaa tayari imeanza kushika.