Kiraka cha Saa Moja

Mama mdogo Candiru ana kliniki ya vyumba viwili
njia ya Ediofe, hapa Arua,
na kompyuta ya mkono wa tatu iliyong'oka kitufe cha Q,
pengo ambalo hajaliona hadi leo.
Nilimwekea programu ile huria
tunayoijenga wengi tusiojuana sura:
maandishi matupu, nyota mwanzoni mwa mstari,
hakuna rangi, hakuna picha.

Akaandika:

* FANYA sindano ya Mzee Onzima, saa moja asubuhi

Programu ikaona moja, ikaamini moja,
ikapiga kengele saa saba za usiku.
Akavaa gumbuti, akashika tochi, akaenda kugonga.
Mzee akatoka na panga.

"Drani," akanipigia kulipokucha,
"kitu chako hakijui kusoma saa."

Nikafungua msimbo, mstari wa mia mbili na kumi na mbili.
Hakuna aliyekosea pale. Aliyeuandika
alihesabu toka usiku wa manane, kama walivyomfundisha,
wala hakuna aliyewahi kumwambia
kuna watu humngoja jua ndipo waseme moja.

Kazi ndogo, nikadhani. Ongeza sita.
Majaribio arobaini na moja, mawili yakaja mekundu:
saa kumi na mbili asubuhi imeangukia jioni,
saa moja jioni imeamka na majogoo.
Nikafuta. Nikaandika. Umeme ukakatika
katikati ya mabano,
nikabaki gizani na mabano yangu wazi
kama mtu aliyeachwa mdomo wazi na jina la mtu.

Chini ya chumba changu Swadiki anashona kwa mguu,
yeye na umeme hawadaiani.
Goti la kaptura ya shule liko mezani.
"Na wewe unashona nini huko juu usiku kucha?"
Kiraka.
"Cha nguo ya nani?"
Simjui. Atakayeivaa.
Akakata uzi kwa meno. "Basi pindo uligeuze ndani,
lisimkwaruze."

Nikageuza pindo ndani. Nikatuma.

Mlezi wa mradi, Tuomo, yuko kaskazini mno.
Akauliza: kwa nini moja isiwe moja?
Nikajibu: huku jua likitoka tunaanza kuhesabu,
likizama tunaanza tena. Hatujaona sababu
ya kuanza siku wakati watu wamelala.
Siku tatu kimya. Kisha:
"Kwetu mwezi wa sita jua halizami.
Kwa hesabu yenu ningekuwa na saa moja tu,
ndefu, ya wiki nzima nzima."
Na chini yake: jina la kigezo libadilishe,
nafasi mbili zimezidi mstari wa tisa,
maelezo yaandike ayasome hata mgeni.

Nikabadilisha. Nikapunguza. Nikaandika.
Usipoziba ufa utajenga ukuta, sawa,
lakini hakuna aliyesema ufa wa ukuta wa watu
huzibwa kwa adabu gani.

Kimepokelewa Jumatano. Mistari kumi na saba.
Jina langu limekosewa herufi moja, nimeliacha hivyo.

Alhamisi kengele ikalia saa moja. Ile yetu.
Mama mdogo alimkuta Mzee Onzima kwenye kigoda mlangoni,
ameshapiga mswaki,
mkono wa shati ameukunja mwenyewe.

Sikushukuriwa. Saa ikisema kweli
nani huishukuru?

Leo Swadiki kapanda ngazi na simu yake:
naye anataka kuandika oda zake humo.
Kanzu mbili, mteja anazitaka usiku wa Ijumaa.
Nikamwekea. Nikamwonyesha nyota.
"Hapana," akasema, "hiyo ni kesho kutwa.
Usiku wa Ijumaa ni kesho, magharibi ikiingia.
Usiku hutangulia mchana wake, hukujua?"

Nilijua. Bibi alisema hivyo, mimi nikasahau.
Nakaa. Nafungua faili.
Mstari wa mia mbili na kumi na tatu.