Zabibu za Mwezi wa Mei

Mei, shamba letu la Hombolo halina kitu.
Tumeshapogoa, matawi yamebaki vigutu
na kila jeraha linatoa chozi.
Ndivyo ulivyo mzabibu: ukiukata unalia
siku mbili, tatu, halafu unanyamaza, unachipua.

Sasa niambie wewe unayejua,
mwaka jana, mwezi huu huu,
harufu ya zabibu mbivu
ilitoka wapi chumbani kwa Nyemo?

Nilisimama mlangoni na beseni la nguo.
Miaka kumi na tisa nauza zabibu kwa ndoo;
naijua ya Machi, iliyopigwa na mvua,
naijua ya Agosti, ngozi ngumu, sukari tele.
Hii sikuijua.
Ilikuwa tamu kupita tunda,
tamu bila udongo, bila nyuki, bila jasho la mtu.

Mfukoni mwa suruali ya shule, kidude
cha zambarau, laini kama sabuni ya hotelini,
kimechorwa kishada kinachocheka.
Nikadhani ni flashi ya masomo.
Nikakifuta maji kwa kanga, nikakirudisha.

Aliyenifumbua macho ni mdogo wake, Sechelela,
anayejua kila kitu, kama wadogo wajuavyo.
Siku ya bonanza mjini palikuwa na mwavuli mkubwa,
muziki, na dada mwenye kucha ndefu akigawa vya kuonja:
"Si moshi, ni mvuke tu. Chai nayo si ina mvuke?"
Kuna embe, kuna nanasi la barafu, kuna ubuyu.
Muuzaji huweka kwenye stetasi saa nne usiku,
MZIGO MPYA, WANAFUNZI BEI YENU,
na bodaboda hufika hadi ukuta wa nyuma wa shule.
Nikotini? Imeandikwa chini kabisa,
kwa herufi za sisimizi.

Ubuyu! Hata ubuyu
wameutia kwenye ndoana.

Mwanzoni kilimtuliza. Hilo nalikubali.
Mtihani ulikuwa mlangoni,
mikono ikimtetemeka juu ya daftari la hesabu;
akavuta, ikatulia.
Lakini mimi naijua mikopo ya kausha damu,
niliichukua mwaka ule wa ubwiri.
Asubuhi anakukopesha kwa tabasamu,
jioni yuko kizingitini,
na unakopa kwake yeye ili umlipe yeye.
Utulivu wa Nyemo ulikuwa wa namna hiyo.
Hofu aliyoivutia saa nane usiku
kidude chenyewe kiliipanda saa mbili.

Usingizi ukamhama. Akamfokea Sechelela kwa ajili ya kijiko.
Siku moja nilimkuta kwenye ngazi, kiganja kifuani:
"Mama, moyo unakimbia na mimi nimekaa."
Nyemo. Kwetu Wagogo jina hilo ni furaha.

Sikumpiga. Nilitaka.
Nilimpeleka zahanati, kwa nesi mmoja mnene, mpole,
akamsikiliza mpaka mwisho,
kitu ambacho mimi nilikuwa sijawahi kukifanya.

Machi hii alinisaidia kuvuna.
Nikampa kishada cha kwanza, na vumbi lake.
Akatafuna muda mrefu, akatazama chini.
"Mama, mbona hazina ladha ya zabibu?"

Nilikosa jibu. Nikajifanya nakaza mfuniko wa ndoo.

Hajaacha kabisa, sitaki kudanganya.
Kuna siku nne, kuna siku kumi na moja,
kisha kuna sifuri.
Jana usiku nilisikia komeo.
Yuko uani, mikono kwapani,
analia bila sauti na baridi hii ya Mei.
Nikatoa kigoda, nikakaa upande unaotoka upepo.
Hatukusemezana.
Nikawa nahesabu tu moyoni:
siku mbili, tatu.