Pedi

Tangu Ihumwa inalia, kila nikikanyaga:
chuma kwa chuma, kama mtu anayesaga meno usingizini.
Leo Jumapili, Nkuhungu, upepo na vumbi lake jekundu,
nami nimelala ubavu juu ya gunia la alizeti.

Nati nne zimo kwenye mfuniko wa sufuria.
Kakabidhiwa Lechipya. Anazihesabu kila dakika
kama mweka hazina wa kikoba.

Kalipa nimeifunga kwa waya wa kuanikia nguo,
isining'inie. Hilo alinifundisha kaka Ndahani, marehemu:
"Mpira wa breki kazi yake mafuta, si kubeba."
Pedi ya zamani ikaniangukia kiganjani,
nyembamba, ukucha mtupu.
Kwa hii nilishuka Nyang'oro mwezi uliopita,
watoto wamelala nyuma,
mimi naimba!

Pistoni hairudi kwa hasira. Klampu, robo mzunguko,
robo tena.
Mzee Chidawali, kidevu juu ya ukuta:
"Mama, mafundi wamekwisha mjini?"
Wapo, mzee. Nishikie hiyo spana.

Nati zimerudi. Jeki chini. Nakaa kwenye usukani, nakanyaga:
mguu ukazama hadi zulia.
Patupu.
Moyo nao ukafuata.
Mara ya pili, ugali.
Ya tatu
ikasimama, ngumu chini ya unyayo,
kama mtu aliyeamka, akaitika:
Nipo.

Natafuta wa kumwambia.
Lechipya keshazunguka na mfuniko mtupu,
amechuchumaa, anangoja
upande wa kushoto.