Vitundu Viwili

Mimi ni fundi wa cherehani, Kariobangi Kusini,
kibanda cha tatu baada ya mashine ya kusaga unga,
na mguu wangu wa kulia ndio ulionilisha
miaka kumi na tisa, ukikanyaga pedali
kama anayepanda kilima kisicho na kilele.

Kisha kifundo kikafunga fundo.
Asubuhi kinalia ka! kama mkasi mbovu,
jioni kimevimba, viatu havinitaki.
Wateja wakadai sketi zao. Nikawapa pole.

Daktari Mumbua alikikunja, akakikunjua,
akaipachika picha kwenye mwanga:
kijimfupa kimechipuka hapa mbele,
na kipande cha gegedu kimemeguka, kinaranda.
"Nitaingia kwa vitundu viwili."
Vikubwa kiasi gani? nikamuuliza.
Akaangalia huku na huku, akaiona blauzi yangu,
akagusa tundu la kifungo cha pili.
"Hivi."

Nilicheka. Kwetu hospitali tunaijua.
Mama yangu, Bosibori, mwaka wa tisini na moja
alipasuliwa nyonga ya kushoto
kama gunia la viazi sokoni:
kovu latoka kiunoni hadi katikati ya paja,
mshono wa haraka, hatua zimepishana,
ningekuwa mimi ningeufumua nianze upya.
Wiki saba kitandani, jiwe likining'inia mguuni,
nami, mtoto wa darasa la tano, nikimpelekea uji
kwa chupa ya chai isiyo na kifuniko.

Mimi walinichoma ganzi ya mgongo.
Kiuno kwenda chini kikawa cha jirani.
Nikaomba wasinilaze usingizi: fundi hapendi
kazi ifanywe asipoiona.
Wakaigeuza skrini upande wangu.

Loo.
Ndani ya mguu wangu mlikuwa na maji na mwanga.
Maji ya chumvi yakiingia huku, yakitokea kule,
na nyuzinyuzi nyeupe zikipepea
kama pamba iliyochambuliwa ndani ya beseni.
Mkono mmoja wa daktari ulishika jicho,
wa pili ulishika meno,
na meno yakakitafuna kile kijimfupa
polepole, kama mtu anayekula muwa peke yake.
Kipande kilichoranda kikakimbia, kikajificha.
Chumba kizima kikanyamaza, kikikisubiri.
Kilipotolewa kwa koleo
kilikuwa kama ukucha wa mtoto.
Basi ni wewe uliyenilaza njaa miezi minane!

Uzi mara moja kila tundu. Alasiri nimeketi nje,
Julai ya Nairobi ikininyunyizia manyunyu,
nikiisoma bili, ndefu kuliko kovu la Mama.
Bima ilibeba nusu. Nusu ya pili ni chama cha mafundi,
na ile cherehani yangu ya zigizaga. Sitaki kuizungumzia.

Mama alivaa miwani, akavitazama.
Akapapasa kimoja, akapapasa cha pili.
"Ni hivi tu?"
"Ni hivi tu, Mama."
Akakaa kimya. Kisha akaweka kiganja
juu ya nyonga ya kulia, ile isiyowahi kukatwa,
inayomwamsha usiku.
"Na hii?"

Nilimpeleka. Daktari aliitazama picha muda mrefu,
wala hakuzungukazunguka.
Gegedu limekwisha, mfupa unasaga mfupa.
Tundu dogo lina wakati wake;
kitambaa kikishalika chote, kiraka kitashika wapi?
Hapa ni kubadilisha nyonga nzima, akitaka.
Mama akasema neno moja kwa Ekegusii.
Sikumtafsiria daktari.

Sasa nimerudi. Pedali inalalama, kifundo hakiijibu.
Namshonea gauni la kufunguka mbele yote,
shingoni hadi chini,
asilazimike kuinua mguu wala kuinama
siku akikubali, na siku asipokubali.
Vifungo kumi na viwili.
Kila tundu nalipima mara mbili,
nalikata dogo,
nalizungushia uzi
hadi ukingo ukatae kuchanika.