Mezani kwa Hilkka

Kwanza alizima redio.
Kahawa baadaye, akasema,
birika akaliacha jikoni.

Kuusamo, theluji imefika dirishani.
Mezani kopo la baruti, moja tu;
mengine kayafungia kabatini.
Maganda hamsini ya shaba, midomo wazi
kama makinda.

Napima chembe kwa chembe,
mizani ikitetemeka kwa pumzi yangu.
Kitabu kimetaja kiasi. Sizidishi.
Msimu wa mawindo uko mbali,
na bunduki haijui kusamehe
mkono uliokadiria.

Ganda la thelathini na moja,
mbwa akabweka nje.
Nimelijaza? Sijalijaza?

Nikamuuliza Hilkka.
Akanigeuzia sikio lake zima:
“Unasemaje?”

Nikayamwaga yote,
hata yale niliyoyakumbuka.
Moja.