Kisichowasha

Zahanati ya Matondoni, Jumanne.
Sijafungua dirisha la pili
na benchi limeshajaa watu wanaojikuna.

Wavulana wa chuo cha Maalim Bishari, watano kwa mpigo,
vipele katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono,
kiunoni panapofungwa kikoi.
Usiku ndio balaa, wanasema.
"Mungu humpa upele asiye na kucha," mama mmoja ananitania.
Aliyeitunga methali hiyo hakupata kukaa kwenye kiti changu:
kucha ndizo ninazozikata kwanza.
Kisha chupa, dawa nyeupe, harufu ya kukata pua.
Shingoni hadi nyayo, nawaambia,
na nyumba nzima siku moja,
hata baba anayeapa kwamba yeye hawashwi.
Shuka zichemshwe, mikeka ipigwe jua,
maana kikulacho ki nguoni mwako,
na hapo wazee hawakukosea hata herufi.

Mtoto wa Maimuna amevikwa kofia ya sufu
mwezi wa tatu, hewa imesimama kama ukuta.
Shingo yote vijipele, vidogo, vyekundu.
Harara.
Mvue. Mwogeshe maji ya baridi. Mafuta yaweke kabatini.
Anangoja nimwandikie dawa.
Nimeshamwandikia.

Shee Famau, mchonga mawe, ana choa mgongoni,
duara lililoinua ukingo kama sahani, katikati pamepoa.
Jirani kampaka maji ya betri.
Sasa ninatibu viwili: choa, na ujuzi wa jirani.
Malai haya asubuhi na jioni, wiki nne, Shee,
na doa likipotea usinitupie kopo,
endelea, limejificha tu.

Bi harusi wa Ijumaa haoneshi mikono mpaka mlango ufungwe.
Piko. Maua yote yaliyochorwa yamefura,
jani kwa jani, kikonyo kwa kikonyo, yamejaa maji.
Hina haina kosa, mwanangu.
Kosa ni rangi ya nywele waliyoikoroga humo
ili iwe nyeusi upesi.
"Je, Ijumaa?"
Ninafunga kitambaa kibichi. Ijumaa siijui mimi.

Mwisho Bi Mwanashee,
aliyemleta tu mjukuu, mmoja wa wale watano.
Yeye hajikuni.
Ndilo lililonifanya nimtazame.
Mkononi, juu ya kiwiko, baka limepauka
rangi ya ukindu wa zamani.
"Tangu mwaka juzi. Hakiwashi, hakiumi. Kiwate."
Na vidole viwili vina makovu ya moto.
Ya nini haya? Sufuria, anasema. Hakujua kama ina moto.

Fumba mato, Bi Mwanashee.
Nachomoa uzi mmoja wa pamba.
Nikikugusa, nioneshe wapi.
Begani: anaonesha. Kiganjani: anaonesha.
Kisha anatulia, mato kayafumba kama mtoto mchezoni,
anatulia sana,
mpaka ananiuliza, "Hujaanza bado?"

Nilikuwa nimeshamgusa mara tatu.

Neno lenyewe nililisema kwa sauti ndogo, ukoma,
na mkono ukakimbilia ndani ya buibui.
Nikaufuata humo humo, nikaushika.
Kuna vidonge, nikasema. Ni bure. Ni miezi, si maisha.
Kesho twenda pamoja hospitali kuu, Lamu mjini, wapime.
Ukishaanza kumeza, huambukizi mtu.
Ngozi ivute ingali maji, Bi. Ingali maji bado, kidogo.

Nje wavulana wanajikuna na kucheka.
Jikuneni, nasema moyoni.
Ngozi yenu ingali inapiga kelele.

Yeye alinyamaza, akatazama chini,
mikono ile iliyosuka nusu ya misala ya mtaa huu.
"Na mikeka yangu," akasema, "nani atanunua?"

Nataka mmoja wa kulalia, nikamwambia,
wa futi sita, ukingo mwekundu.
Nikamlipa nusu papo hapo,
na yeye, kwa mazoea, akaihesabu mara mbili.